Sanduku Lililogoma

Machi 3

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, na droo ya sanduku langu la mazingaombwe, lile la kutolea maua, imeanza kukwama. Kila mwaka ni hivi. Wenzangu hutazama mawingu. Mimi nikivuta droo ikanigomea, najua msimu umeingia.

Kazi yangu ya siku zote ni cherehani. Kazi ya roho yangu ni kutengeneza vifaa vya mazingaombwe kwa maonyesho ya watoto. Mume wangu ndiye anayesimama mbele na kusema. Watoto humwita Profesa, ingawa hajawahi kufundisha hata kuku. Masanduku yenye droo mbili, mifuko yenye tumbo la siri, mabomba ya kadibodi, sufuria zenye sahani ya chini, vyote nimevitengeneza mimi kwenye meza hii ya jikoni. Jukwaani sipandi. Mikono yangu inajua kuutengeneza uongo, haijui kuusema.

Mjukuu wetu tunamwita Inspekta. Amekulia chini ya meza hii, miongoni mwa vipande vya mbao na vumbi la msasa. Hakuna kifaa changu asichokijua ndani na nje. Nikimaliza kitu namwonyesha yeye kwanza. Anakunja mikono, anatazama, halafu anatoa hukumu ya neno moja: "Inaonekana." Maana yake siri inaonekana, rudi kazini. Na kweli huwa inaonekana. Ana jicho huyo mtoto, lakini tangu azaliwe sijamwona akishangaa hata mara moja.

Leo mama yake, binti yangu, ametuambia habari. Ni fundi umeme, na amepata kazi kwenye mitambo kule nyanda za juu kavu, ambako mumewe ameshatangulia. Mvua zikiisha wanahama, yeye na Inspekta.

Nilisema hongera, nikarudi kwenye sanduku langu. Nimepiga msasa mpaka nimetoboa upande. Sasa nimeamua: kabla hajaondoka, nitamshangaza mtoto huyu. Mara moja tu.

Profesa amecheka mpaka chai ikampalia. "Utamshangaza mtu aliyejua siri ya sufuria kabla hajajua kunawa?"

Tutaona.

Machi 5

Mvua. Gundi haikauki.

Machi 8

Miwani ya Profesa imepotea asubuhi nzima. Amenilaumu mimi, akamlaumu paka wa jirani. Inspekta aliporudi shule hakuvua hata begi: "Babu, iko kwenye sufuria ya njiwa, chini ya sahani ya pili. Uliificha jana usiikalie."

Nyumba yetu ndivyo ilivyo. Kila mtu anaweka vitu vyake kwenye matumbo ya siri, halafu anasahau ni tumbo lipi. Binti yangu huficha sukari yake kwenye bomba la leso. Aliyezaliwa humu, unamshangaza kwa lipi?

Machi 11

Jaribio la kwanza. Chupa ya maji inayobadilika rangi. Nimeifanyia kazi siku nne.

"Inaonekana," alisema. "Kifuniko kina rangi ya unga kwa ndani. Umekiinua kwa vidole viwili, na wewe siku zote unafungua chupa kwa ngumi."

Siwezi kubisha. Nafungua chupa kwa ngumi kweli.

Machi 15

Leo tumeaibika.

Tulialikwa ukumbi wa shule, watoto wamejaa mpaka madirishani, wote wamelowa. Nilikuwa nimepeleka sanduku la kioo, lile ambalo ukilitazama kwa mbele unaona tupu, kumbe kioo kimekaa mshazari na njiwa wa kitambaa yuko nyuma yake. Ni kazi ninayojivunia. Lakini pumzi za watoto wote wale na nguo mbichi! Profesa anafungua mlango wa sanduku, anasema, "Tupu kama tumbo langu asubuhi!" na kioo, mbele ya macho ya dunia, kinaingia ukungu. Kikawa cheupe pe. Mtoto mmoja wa mbele akasimama: "Kuna kioo!"

Profesa hakubabaika. Akakihemea zaidi, akachora kwa kidole uso unaocheka juu ya ule ukungu, akasema hilo ndilo zimwi linaloishi sandukuni na leo limeamua kuonekana. Watoto wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimeshika kichwa.

Nimekasirika naye njia nzima. Kwake yeye kila kitu ni mzaha. Kifaa changu kinakufa, yeye anachora picha juu ya maiti.

Jambo jingine limenikera zaidi. Inspekta hukaa kwenye kigoda kando ya jukwaa, na leo nimemwona vizuri: onyesho zima alitupa mgongo. Hakutazama meza hata kidogo. Amekaa kama mtu anayesubiri zamu yake ya kinyozi. Nimejisemea, basi, huyu ametuchoka. Ataondoka bila kugeuka nyuma.

Machi 16

Mvua kutwa. Nimeshona sare tu.

Machi 22

Nimegombana na binti yangu. Alikuwa anapanga vyombo kwenye makasha nikamwambia mbona ana haraka, mtu angedhani anafukuzwa. Akaweka sahani chini.

"Mama, sema unalotaka kusema."

"Sina la kusema."

"Unataka kusema nakuchukulia mtoto."

"Sijasema."

"Umesema kwa msasa. Tangu nikupe habari hii unapiga msasa kama unamkwangua mtu ngozi."

Ana ulimi huyu binti, sijui ameutoa wapi. Profesa akasema kwa sauti ndogo kutoka sebuleni, "Kwa mama yake."

Machi 23

Jaribio la pili, kamba inayokatwa na kujiunga. "Inaonekana." Hata kichwa hakuinua, alikuwa anakula.

Aprili 1

Leo nimepata wazo, nimelipata nikifagia. Goroli ya mjukuu wangu ilitoka chini ya kabati, ikabingirika na kutumbukia kwenye ufa wa sakafu, ikatulia. Niliinamisha ubao wa sakafu uliolegea upande mwingine, ikatoka. Nilisimama na ufagio kama mwendawazimu.

Niliweke hapa nisije nikalisahau. Sanduku la droo ni droo mbili, moja ndani ya nyingine. Ukivuta ya nje peke yake, watu wanaona tupu. Ukivuta zote mbili kwa pamoja, wanaona kilichofichwa kwenye ya ndani. Ili ya ndani ibaki, Profesa huibana kwa kidole gumba kwa nyuma, na Inspekta hukitazama hicho kidole gumba tu. Sasa, nikichonga mfereji mdogo kwenye ukuta wa sanduku na kuweka goroli ndani yake? Ukiinamisha kushoto, goroli inaingia tunduni na kuishika droo ya ndani. Ukiinamisha kulia, inaachia. Hakuna kidole gumba. Hata yeye mwenyewe anaweza kulishika sanduku kwa mikono yake na kulifungua.

Ataweka kitu chembamba, tuseme utepe wa nywele zake. Akifungua tena, utepe hakuna, kuna kitu kingine.

Kitu gani? Hapo ndipo nilipokwama.

Aprili 4

Subana yangu!

Ile ya shaba ninayovaa kidole cha kati nikishona. Naivaa kutwa, hata nikila naisahau kidoleni. Ina kibonyeo upande mmoja: Inspekta aliigonga na nyundo yangu alipokuwa bado anatambaa, na tangu hapo kila akinishika mkono hukipapasa kibonyeo hicho kwa ukucha wake. Anaijua kuliko jina lake.

Ataona subana kidoleni mwangu, ataweka utepe sandukuni, atafungua mwenyewe, na ndani atakuta subana. Mimi wakati huo nitakuwa nimeshaivua ya kidoleni na kuitia mfukoni, wakati watoto wote wanatazama sanduku. Nimetafuta pacha wake maduka matatu ya vifaa vya ushonaji, nimempata.

Aprili 6

Kutengeneza kibonyeo ni kazi kuliko kutengeneza sanduku. Nimeipaka majivu na siki ichakae, nikagonga, nikapima, nikagonga. Profesa alipoingia jikoni nilimpa zote mbili afumbe macho aguse. Alizungusha, akapapasa, akasema, "Hii ndiyo yako." Alikuwa ameshika ile mpya.

Nimempa kipande kikubwa cha nyama jioni. Hakuuliza sababu.

Aprili 9

Mvua. Mbao zimevimba, mlango wa choo haufungiki. Sote tunaimba tukiwa ndani.

Aprili 13

Goroli inafanya kazi. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Natamani kumwambia mtu, na mtu mwenyewe ndiye asiyetakiwa kujua. Nafanya kazi akiwa shuleni, akirudi nalifunika sanduku kwa gauni la mteja.

Aprili 18

Leo nimejua kitu, na bado moyo wangu haujatulia.

Tulikuwa na onyesho dogo kwa jirani, mtoto wao ametimiza miaka mitano. Inspekta akatupa mgongo kama kawaida. Tulipokuwa tunafungasha nikashindwa kujizuia.

"Kama umechoka na mambo yetu, si lazima uje."

Akanitazama kwa mshangao. Mshangao mdogo, wa kawaida. "Sijachoka, Bibi."

"Mbona hututazami?"

"Ninyi nawajua. Nawatazama wao."

"Unawatazama nini?"

Akafikiri. Alikuwa anakunja leso, ananyoosha pembe kwa kidole. "Babu akitoa njiwa, midomo yao inafunguka yenyewe. Wote. Hata yule mkubwa aliyesema mazingaombwe ni ya watoto. Yenyewe, Bibi, hawaifungui wao. Mimi wangu haufunguki wenyewe. Nimejaribu kwenye kioo, lakini nikiufungua najua ni mimi nimeufungua."

Nikamwambia ashike upande ule wa meza tubebe.

Na mimi nilidhani mtoto huyu ni jiwe! Wiki zote hizi nilikuwa napigania heshima yangu, kumbe kuna mtoto amekaa kwenye kigoda anawatazama wenzake wakila kitu ambacho yeye hajawahi kuonja. Sasa si suala la mara moja nifurahi mimi. Nataka aonje.

Aprili 20

Nimempa binti yangu mkono kufunga makasha. Hatukuzungumza la maana. Aliniachia nifunge ya vyombo vya vioo, jambo ambalo hampi mtu.

Aprili 26

Onyesho la kumuaga Inspekta, ukumbi uleule wa shule. Naandika kwa hasira, na hasira yenyewe ni kwangu mimi.

Yote yalienda vizuri mpaka mwisho. Profesa akatangaza anahitaji msaidizi, akamwita Inspekta. Kwa desturi yetu hatuiti mtu wa nyumbani, watoto wasije wakasema tumepanga. Yeye mwenyewe alishtuka. Nikasogea ukingoni mwa pazia, mkono wangu wenye subana juu, auone.

Akalitazama sanduku. Halijui! Nikaona nyusi zake zikipanda kidogo. Akalivuta, tupu. Akaweka utepe wake mwekundu, akafunga. Profesa akamwambia, "Sanduku hili lina sikio moja tu, upande wa kulia. Liinamishe ulinong'oneze unachotaka." Akaliinamisha, akanong'ona. Nikasikia goroli ikishuka, tik, mahali pake hasa.

"Sasa fungua."

Akavuta. Droo haikutoka. Akavuta tena. Profesa akavuta. Ukumbi ulikuwa umejaa joto na nguo mbichi, na mimi, mpumbavu mkubwa, nilikuwa nimepaka vanishi nje tu, ndani niliacha mbao tupu ili droo ziteleze. Mbao zilikuwa zimekunywa mvua yote ya mwezi. Droo mbili, sanduku na goroli vilikuwa vimeshikana kitu kimoja. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

"Limeharibika!" mtoto mmoja akasema.

Profesa akaweka sikio juu ya sanduku. Akatikisa kichwa polepole. "Jamani, sanduku limegoma. Linasema limechoka na baridi, halifunguki mpaka likaote jua." Watoto wakacheka, akaendelea na leso zake kana kwamba ndivyo ilivyopangwa. Safari hii sikumkasirikia. Nilimshukuru Mungu kwa mdomo wa mume wangu.

Nyumbani nilichukua kisu nilibandue. Inspekta akaweka mkono juu ya kifuniko.

"Usilivunje, Bibi. Utepe wangu uko ndani. Litafunguka likitaka."

"Ilikuwa zawadi yako ya kuondokea."

"Basi naondoka nalo."

Amelala nalo ubavuni. Hamruhusu mtu aliguse, hata mama yake.

Aprili 27

Sina la kuandika.

Aprili 30

Wameondoka asubuhi na lori la mizigo. Mvua imepungua, manyunyu tu. Inspekta alikaa mbele na sanduku mapajani. Kabla ya kupanda alinishika mkono muda mrefu, akanizungusha subana kidoleni, akapapasa kibonyeo kwa ukucha kama alivyozoea.

"Bibi, usilie mpaka tuondoke. Ukilia sasa, Mama naye atalia, na dereva atachelewa."

Binti yangu alikuwa ameshalia. Alinikumbatia, akaniambia sikioni, "Nitakutunzia." Sikujua kama anasema sanduku au mtoto. Nilisema ahsante kwa vyote.

Lori lilipokata kona ndipo akili iliponirudia. Subana! Amenishika kidole, ameiona, ameipapasa. Na ndani ya lile sanduku kuna nyingine. Siku droo itakapotoka, jambo la kwanza atakalosema ni kwamba ziko mbili. Nimejiumbua mwenyewe, kwa mkono wangu mwenyewe, mlangoni kwangu.

Nikaingia ndani, nikakaa. Profesa akaleta chai bila kusema neno, na kwake hiyo si kazi rahisi.

Mei 3

Manyunyu. Nyumba kimya. Nimemaliza sketi mbili.

Mei 6

Wamefika salama. Binti yangu anasema huko vumbi tupu, midomo inapasuka, wanajipaka mafuta kutwa. Nikauliza sanduku. "Limewekwa dirishani, linaota jua kama mstaafu."

Mei 8

Hakuna jua hapa, ila mlango wa choo umeanza kufungika.

Mei 12

Saa nne asubuhi simu imelia. Nilikuwa kwenye cherehani, subana kidoleni, Profesa ameketi mbele yangu na kikombe chake.

"Bibi." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu aliyejificha. "Limefunguka."

"Limefungukaje?"

"Lenyewe. Nililigusa tu, droo ikatoka. Utepe haupo. Kuna subana yako."

Sheria ya kazi yetu ni moja: aliyetengeneza hasemi.

"Nimelichunguza," akaendelea, na sasa maneno yalikuwa yanakimbia. "Droo mbili nimeziona. Goroli nimeitoa. Utepe nimeupata chini ya droo ya ndani. Hayo yote yanaonekana, Bibi. Lakini subana! Sanduku halijafunguka tangu ukumbini. Nililala nalo. Mama hakuligusa. Na siku ya kuondoka ulikuwa umeivaa, niliipapasa mimi. Nikasema labda ziko mbili. Lakini ina kibonyeo changu. Kiko palepale, kina kona ileile." Akavuta pumzi. "Bibi, washa picha. Nionyeshe kidole."

Jamani, moyo wangu! Subana ilikuwa kidoleni, imekazana kama kawaida. Mimi si mtu wa jukwaani. Maisha yangu yote nimekaa nyuma ya pazia. Nikasema, "Subiri, miwani," na chini ya meza nikaivuta. Haikutoka. Nikailamba, nikaivuta tena, ikatoka, na sasa nimeishika, sina mfuko, nguo ya mteja mapajani, na simu inalia tiiit ikingoja niguse.

Profesa alisogeza kikombe chake mbele yangu, polepole, huku akitazama dirishani kama mtu anayechunguza hali ya hewa. Nikaiachia. Ikazama kwenye chai ya maziwa bila sauti. Akakiinua kikombe, akanywa funda.

Nikawasha picha. Uso wake ukajaa kioo cha simu, nywele hazijachanwa, vumbi kwenye paji la uso. Nikainua mkono wangu wote, vidole vitano, polepole. Kidole cha kati kilikuwa na alama nyeupe ya mviringo, ambapo ngozi haijaona jua miaka mingi. Alama tu.

Alitazama. Akageuza macho akatazama subana iliyokuwa mkononi mwake. Akanitazama tena. Na mdomo wake ukafunguka. Haukufunguliwa na mtu, ulifunguka wenyewe, na jino moja la mbele halipo, limeng'oka huko na sikuambiwa. Ulibaki wazi muda mrefu. Nyuma yake nikamwona binti yangu mlangoni, ameshika bisibisi, amesimama akimtazama mtoto wake, na yeye mdomo wazi kwa ajili ya huyo mtoto.

"Bibi," Inspekta akasema mwishowe. "Haionekani."

Nikamwambia nimesikia. Nikasema chakula kinaungua nikakata simu, maana nilikuwa naanza kulia na asingejua ni kwa nini.

Profesa akatoa subana kwenye chai kwa kijiko, akaifuta kwa shati lake. "Mikono ya jukwaani huna," akasema. "Ila leo umeiazima kwa mtu."

"Kwa nani?"

"Sijui. Mrudishie."

Mei 14

Jua. Droo zote zinateleza.

Nashona kwa kidole kitupu. Wakija likizo, kitu cha kwanza atakachotazama ni kidole changu, kwa hiyo siwezi kuivaa tena, wala kununua nyingine ya shaba. Profesa alishauri niifiche kwenye sufuria ya njiwa. Nikamwuliza kama ana akili timamu, sufuria ya njiwa ndipo mtoto atakapoanzia. Nimeitafutia mahali ambapo hata Inspekta hapajui.

Leo nimejichoma mara mbili nikishona kola nyeupe ya mteja, ikaingia damu. Nimeifua kwa maji baridi, nikaianika juani, nikaendelea na ya pili huku nikinyonya kidole.